Karani wa Mizani

Mwezi ujao nastaafu, ndiyo maana wameniita
niketi pembeni ya meza, niwasikilize vijana kumi na mmoja
wanaotaka kiti changu, kile kilichofungwa mguu kwa kamba,
kando ya mizani, ghala la nafaka, Tororo,
upande wa Mwamba ambako joto halitoki hadi usiku.

Meneja Ekisa ana karatasi ya maswali.
Udhaifu wako ni upi?
Baada ya miaka mitano utakuwa wapi?
Oboth, shati limepigwa pasi hadi lingeweza kumenya muhogo,
akajibu kwamba udhaifu wake ni kufanya kazi kupita kiasi.
Wa pili vivyo hivyo. Na wa tano.
Nikajua kuna mtu mjini anauza majibu haya
pale pale wanapotoa fotokopi, shilingi mia mbili ukurasa.

Laiti wangenipitia mimi kwanza, bure.
Ningewaambia: beba nakala tatu, cheti halisi kibaki nyumbani.
Ukija kwa boda, shuka kabla ya geti, ufute viatu kwa majani.
Msalimie askari kwa jina lake, anaitwa Emoit;
jioni ndiye huulizwa, "Yule alikuwaje?"
Usiseme utafanya kazi yoyote.
Ukiulizwa unataka kiasi gani, taja.
Mimi nilisema, "Mtakachonipa,"
wakanipa hicho hicho miaka kumi na tisa.

Wa tisa alikuwa Nyafwono.
Hakuketi. Alitazama nje, kupitia mlango ulio wazi.
"Mizani yenu haianzi sifuri," akasema.
Kalamu ya Ekisa ikasimama.
"Mshale umelala nyuma, kama kilo mbili.
Mama yangu huleta mahindi hapa.
Gunia la nyumbani mia, hapa tisini na nane.
Tulidhani ni panya."

Walidhani ni panya.
Waliweka mtego, labda. Walifuga paka.

Watunga mashairi huhesabu mizani kwa vidole,
silabi ikipungua hutia neno la kujazia.
Mimi nilihesabu kwa magunia,
na kilichopungua nilikijua tangu msimu wa simsim, mwaka juzi.
Nilimwambia meneja aliyekuwepo. Mara moja tu.
"Andika kinachosomeka," akasema, nami nikaandika.
Kila mtu husifu mwandiko wangu.

Ekisa, mwanangu kwa umri, bosi wangu kwa cheo,
lile swali la udhaifu jiulize wewe, ukishafunga mlango.
Usitafute mtu anayeweza presha; ipunguze presha.
Ukimkaripia mtu mbele ya wapagazi,
kesho ataona gunia limetoboka, naye atapita.
Mshahara wa tarehe ishirini na nane ni wa tarehe ishirini na nane.
Na huyu aliyekupa ukweli kabla hujamlipa hata senti,
usimfundishe kunyamaza.
Hujui inavyochukua muda mfupi. Mimi ilinichukua jibu moja.

Haya yote niliyasema moyoni.
Ekisa alimshukuru binti, akamwita wa kumi.
Wa kumi, udhaifu wake ulikuwa kufanya kazi kupita kiasi.

Nikaomba ruhusa kama ninayekwenda msalani.
Nyuma ya mizani kuna skrubu ndogo, imeshika kutu.
Siku zote nimejua ilipo.
Emoit aliniazima bisibisi, hakuuliza ya nini.
Robo mzunguko. Ikagoma. Robo tena.
Sifuri.

Nyafwono alikuwa bado chini ya kipenu, bahasha magotini,
akisubiri jua lipungue aanze kutembea.
Nilimwambia akinyimwa aandike barua, aulize sababu,
na kiasi anachotaka akitaje humo humo.
"Mwandiko wangu mbaya," akasema.
Nikamwambia heri.